Sauti ya Mwanamke wa Mlangoni

Katika banda lile la video hakuna aliyeita picha kwa jina lililoandikwa kwenye kasha lake. Nani angelisoma? Herufi zenyewe zilikuwa kama vibanzi vya kuni vilivyomwagika mezani. Picha liliitwa kwa pambano lake, basi. Kulikuwa na Picha la Mfagiaji, ambamo mzee mmoja anawapiga majambazi uani kwa ufagio ule ule anaofagilia, na adui wa mwisho akianguka, ua umeshatakata. Kulikuwa na Picha la Chumvi, ndugu wawili wanatwangana ghalani juu ya magunia, magunia yanapasuka, na kila mwenye kidonda anaungua mpaka watazamaji nao wanakunja nyuso. Halafu kulikuwa na Picha la Mlangoni. Hilo ndilo lililotia ufa nyumba ya Kasuku. Au tuseme ukweli, ufa aliutia Kasuku mwenyewe. Picha halijui hata alikokuwa anaishi.

Kasuku hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata darasa la tatu, siku alipojibanza chini ya dirisha akasema "simameni" kwa sauti ya mwalimu mkuu, na darasa zima la saba likasimama. Alichapwa siku ile, lakini jina lilibaki, na alipokua ndilo lililomlisha. Kazi yake ilikuwa kuzitia maneno picha za ngumi. Lugha ya mle ndani hakuijua hata salamu yake. Asubuhi, banda likiwa tupu na madirisha yamezibwa kwa maboksi, alilitazama picha peke yake, akaona nani anamchukia nani na nani kamuua baba wa nani. Mchana watu wakishajaa kwenye mabenchi, anakaa pembeni ya televisheni, kipaza sauti amekifunga leso kisivume, anaanza.

Na alikuwa fundi, hilo tusimnyime. Steringi, yule shujaa wa picha, akikunja ngumi, Kasuku alijua pa kusema na pa kumeza mate. Teke la kuruka likiwa bado hewani, yeye husema taratibu, "Salamu hizi zinatoka kwa marehemu baba," na teke linatua pamoja na neno la mwisho. Watu waliruka juu ya mabenchi mpaka mwenye banda akawa anagombeza nyuma huko kwamba mbao zile hazikuokotwa.

Sauti hakuzitunga. Aliziazima. Neno lake mwenyewe hilo, kuazima. Mzee wa ndevu nyeupe anayemfundisha steringi alipewa kikohozi cha babu yake Kasuku, Mungu amrehemu. Adui mkubwa alisema kama mama mwenye nyumba waliyopanga, yule asiyepandisha sauti hata anapokutolea vyombo nje. Na kibaraka wa adui, anayechekacheka kabla hajapigwa, huyo alikuwa kinyozi wa pale kona kabisa. Kinyozi alipojisikia mara ya kwanza alimfuata Kasuku nyuma ya banda.

"Kasuku, yule ni mimi yule."

"Umekasirika?"

"Nikasirike nini? Mke wangu ameniambia kumbe nina sauti ya sinema. Ila usiwe unaniua mapema hivyo, bwana. Niache nifike hata katikati."

Basi Kasuku akaona kuazima hakuna ubaya. Kila aliyeazimwa alifurahi. Hakuwahi kumwomba mtu ruhusa, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mbona hukuniomba.

Nyumbani alikuwa na mke na mtoto. Mke alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule barazani, chini ya bati lililotoboka mahali pamoja. Mvua ikianza aliisogeza cherehani upande wa pili, ikikatika aliirudisha kwenye mwanga, bila kulalamika na bila kuangalia juu, kama mtu anayejipangusa jasho. Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Mtoto wao, wa kike, walimwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi shavuni. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa. Ukimweka anakaa, anajishangaa, halafu analala ubavu polepole kama gunia lililoegeshwa vibaya, na akishafika chini anakutazama kama vile wewe ndiye umeanguka.

Walikuwa wanaongea, wale wawili. Mke alikuja na habari za kazi yake, kama ile ya mama aliyepimwa kiuno akaapa kwamba futi kamba za siku hizi zinapunguzwa huko zinakotengenezwa. Kasuku alisikiliza, alicheka, na nusu ya habari hizo ziliishia midomoni mwa wapishi na walinzi wa ndani ya picha. Mke alijua.

"Yule mama wa kiuno nimemsikia mpaka huku," aliwahi kumwambia. "Umempa na upanga."

"Alistahili."

"Akijitambua atataka nimshonee bure, na utashona wewe."

Ndivyo walivyoishi.

Mchana mmoja wa mvua umeme ulikatika, banda likafungwa, Kasuku akarudi nyumbani akajinyoosha kitandani. Mkewe alikuwa ameketi pembeni yake ameegemea ukuta, Kidoti amelala na titi bado mdomoni, jasho jembamba limemtoka kwenye paji la uso kama linavyowatoka watoto wakinyonya. Siku zile chumba kilikuwa hakipumui. Mama yake Kasuku alikuwa amekuja kukaa. Dada yake Kasuku alikuwa anawaacha wanawe pale akienda kazini. Wateja nao walitaka sare kabla shule hazijafunguliwa. Kila aliyeingia aliingia na lake: maji yako wapi, sketi imekwisha, mtoto analia, chakula bado. Kasuku naye akiwemo, tena yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza chakula.

Mke akasema, bila kilio, kama mtu anayehesabu vifungo:

"Baba Kidoti, mimi nimechoka kuwa mlango. Kila mtu ananipitia. Anaingia, anatoka. Hakuna anayesimama akauliza, mlango huu nao unaumwa wapi."

Aibu yenyewe ilianzia hapo, pale pale kitandani, kabla ya banda na kabla ya mtaa. Kasuku aliyasikia maneno yale vizuri sana. Na kitu cha kwanza kumjia hakikuwa kwamba mke wangu anaumwa. Kilikuwa, maneno gani haya. Aliyazungusha mdomoni bila kutoa sauti, na mkwaruzo wake, na ile pumzi ndogo aliyoivuta kabla ya kusema "unaumwa". Halafu akasema, "Pole, mama." Mvua ikaendelea kupiga bati. Akasinzia.

Picha la Mlangoni halikuchelewa kuja baada ya hapo. Ndani yake yumo mwanamke mwenye nyumba ya wageni, si kijana tena, mnene kiasi, mwiko mkononi kwa kuwa ametoka jikoni. Ndani amemficha baba yake aliyejeruhiwa, na watoto wake wamejikunja chini ya meza. Nje wanaume wamejaa uwanja mzima, na mapanga. Mwanamke anatoka, anasimama kizingitini, anausukuma mlango kwa kisigino unajifunga nyuma yake. Anasema neno moja au mawili. Kisha wanamjia.

Anayezipenda picha za ngumi atakwambia kwamba pambano halikai kichwani kwa wingi wa watu walioanguka. Linakaa ukijua mtu anagombea nini. Steringi wengi wanagombea heshima, sijui chuo, sijui upanga wa ukoo. Yule mwanamke alikuwa hataki wapite, basi, hakuwa na lingine. Kasuku alipolitazama asubuhi peke yake, vinyweleo vilimsimama mikononi. Hakutafuta sauti ya kumpa. Ilikuwa tayari.

Mchana, mbele ya banda lililojaa, alikisogeza kipaza sauti.

"Nimechoka kuwa mlango," akasema, kwa sauti ya chini yenye mkwaruzo. "Kila mtu ananipitia. Anaingia, anatoka. Hakuna anayeuliza, mlango huu nao unaumwa wapi. Haya, leo apite mmoja nimwone." Na mwiko ukamshukia wa kwanza kwenye utosi, ko.

Banda liliinuka. Watu walikumbatiana wasiojuana. Wakadai pambano lirudishwe nyuma, mwenye banda akarudisha, Kasuku akasema tena, wakadai tena. Walipotoka nje walikuwa wanatembea kama yule mwanamke, wamebana viwiko, kila mmoja na mwiko wake wa hewani. Kasuku alirudi nyumbani siku ile anapiga mluzi. Mkewe akamuuliza kuna nini. Akasema, "Kazi imekwenda vizuri," na kwa sababu ambayo hakutaka kuitazama, hakusema zaidi.

Neno likaingia mtaani. Mwanzoni halikuwa na ubaya. Wapagazi walilisema wakipandisha mzigo. Mwalimu mmoja, wanafunzi wakimsumbua, naye alilisema. Halafu likafika kona, kwa kinyozi, kwenye lile benchi la wanaume wasio na haraka, na pale likapewa maana nyingine. Mnajua midomo ilivyo ikishapata neno kama "kupitiwa". Mwanamke akipita na kapu lake, mmoja anamuuliza mwenzake, "Mlango ule unafungwa saa ngapi?" Mwingine anajibu, "Huo sidhani kama una komeo." Wanacheka mpaka kinyozi anasimamisha wembe.

Kasuku alikuwepo mara ya kwanza lilipogeuzwa hivyo. Alikuwa kwenye kiti, povu kidevuni. Kioo kilimwonyesha wote nyuma yake wakimtazama, wanamngoja mwenye neno acheke. Akacheka. Alicheka kidogo, lakini alicheka, na baadaye aliikumbuka sura yake ile kwenye kioo, meno katikati ya povu, kuliko alivyokumbuka mambo mengi mabaya zaidi.

Siku moja asubuhi alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, Kidoti mapajani mwake. Barazani cherehani ilikuwa inakwenda. Akaja mama mmoja kuchukua sare ya mwanawe.

"Fundi, huyo mumeo atatuua kwa kicheko. Umelisikia la mlangoni?"

"Lipi?" mkewe akauliza, cherehani inaendelea.

"Hulijui? Wewe unayelala naye?" Mama akakohoa kidogo, akaweka mkwaruzo. "Nimechoka kuwa mlango. Kila mtu ananipitia. Anaingia, anatoka."

Cherehani ikanyamaza.

"Mtaa mzima ndiyo habari," mama akaendelea. "Sema wanaume hawana haya, sasa ukipita pale kona wanakuuliza kama uko wazi. Ila nikwambie kitu, fundi? Sauti yake ile ni yako. Nilimwambia mume wangu, yule si mchina, yule ni fundi wetu wa sare. Akakataa. Sasa nakusikiliza hapa, ni wewe kabisa. Ulimfundisha?"

Kidoti alikuwa amemshika kidole gumba anakivuta. Nje alisikia mkasi ukikata uzi, kisha sauti ya mkewe, ile ile ya kila siku.

"Shati hili hapa. Nimeweka kifungo cha akiba kwa ndani. Mwambie asikitafune."

Mama akaaga, akaenda. Pazia likasogea. Mke akaingia, akamchukua mtoto mapajani mwa baba yake, akamweka begani, akampigapiga mgongoni ingawa mtoto hakuwa na tatizo lolote. Akamtazama mumewe kama mtu unayemfananisha barabarani na huna hakika kama ndiye.

"Kumbe siku ile ulinisikia," akasema.

Akatoka na mtoto wake.

Kasuku alikuwa amejiandaa kwa matusi. Matusi angeyapokea, angejibu moja, angeomba msamaha kwa mengine. Kwa neno lile hakuwa na kinga. Alibaki ameketi kitandani, mikono imekaa vile vile ilivyokuwa imemshika mtoto.

Mke hakununa. Laiti angenuna. Aliamka, akasalimia, akapika, akaulizwa akajibu. "Maji yameletwa?" "Yameletwa." "Mtoto amelala?" "Amelala." Lakini habari zake zilikwisha. Hakukuwa tena na mama wa kiuno, wala bwana aliyeleta suruali ipunguzwe kisha akanenepa kabla hajaja kuichukua. Kasuku aliwahi kumsikia akimsimulia jirani jambo uani, wanacheka mpaka jirani anaegemea ukuta, na yeye alipotokeza wakahamia kwenye bei ya uzi. Walihama taratibu, kama watu wanaomfunikia chakula mgeni asiyealikwa.

Hata mama yake aliona.

"Mwanangu, humu ndani mnaongea kama watu wa kituo cha polisi."

"Tumechoka tu, mama."

"Mimi na baba yako tulichoka miaka yote, na bado tulitukanana vizuri."

Alijaribu. Alifua nepi uani mchana kweupe, wapangaji wanapita wanamuuliza kama amepata kazi mpya. Aliteka maji kabla hayajaagizwa. Mke akasema asante, na asante ile ilikuwa ya dukani, ya kumpa mtu aliyekufungia bidhaa. Alitaka kuomba msamaha, na hapo ndipo alipojionea vituko, yeye mtu wa maneno. Kila neno la msamaha lililomjia alikuwa ameshalisema kwenye kipaza sauti. Nisamehe, sikujua nilitendalo, hilo la mwanafunzi aliyemsaliti mwalimu, kabla ya pambano la daraja. Nipige ukitaka, hilo la ndugu mdogo, Picha la Chumvi. Alifungua mdomo mbele ya mkewe akasikia banda likicheka, akaufunga.

Kilichokuwa kinamuumiza alikijua. Mke hataondoka, hilo halikuwa na wasiwasi, wala hatamfukuza. Atamlea mtoto naye, atazeeka naye, na hatamwambia kitu tena maisha yake yote. Na Kidoti ataanza kusema, atajifunza kwa mama yake jambo gani baba haambiwi.

Mwenye banda ndiye aliyeleta habari kwamba Jumapili mchana Picha la Mlangoni linarudi, na ameshaandika ubao.

"Bosi, tuweke lingine," Kasuku akasema. "La Mfagiaji watu wanalipenda."

"La Mfagiaji watu wamelichoka, mpaka ua wenyewe wanaujua. Wanataka mlango."

"Sitaki kulisema lile neno tena."

"Kwa nini?"

Hapo Kasuku akakwama. Akisema kwa nini, atakuwa ametoa tena kitu cha mkewe mbele ya mtu. Akasema, "Basi tu."

"Basi tu haijazi benchi," mwenye banda akasema, tena kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Sema neno lako, wafurahi, kalale."

Akapanga kulibadilisha. Alipata maneno mengine, si mabaya, kuhusu nyumba na baba mgonjwa. Alifikiri watu wakiyasikia haya watayasahau yale. Ndivyo alivyofikiri, fundi mzima.

Jumapili banda lilijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni mbele ya benchi la kwanza, magoti yamegusa kifua. Picha likaenda. Wapishi wakachekesha, kinyozi akasikia sauti yake akapigiwa makofi. Pakafika pale. Mwanamke akatoka, akasimama kizingitini, akausukuma mlango kwa kisigino. Kasuku akasogeza kipaza sauti, akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu yeyote, "Ndani humu kuna mgonjwa. Rudini mlikotoka."

Halafu mmoja nyuma akasema, "Aa, Kasuku, siyo hivyo." Na banda lote, kama waliopeana ishara, likamsaidia.

"Nimechoka kuwa mlango. Kila mtu ananipitia."

Walisema kwa sauti yake. Walikuwa wamejifunza mpaka mkwaruzo, mpaka pumzi ile ndogo. Wanaume wa sokoni, wapagazi, vijana wasio na kazi, wote walikuwa na sauti ya mkewe midomoni, sauti aliyosema nayo siku ile mtoto akiwa kifuani, na wengine wakaongezea la kona, na kicheko kikazunguka kwenye kuta kikarudi. Kinyozi alikuwa anajipigapiga paja. Kasuku alitazama kipaza sauti na leso yake. Angeweza kusimama akawaambia, nyamazeni, hayo ni maneno ya mke wangu. Lakini wangeshangaa kidogo tu, halafu kesho wangemwita mkewe Mama Mlango usoni. Hakuna aliloweza kusema mle ndani ambalo lisingekuwa kumtoa tena.

Akazima kipaza sauti chake. Akakiweka chini.

Picha likaendelea lenyewe. Mwenye banda akarudisha nyuma kidogo, akifikiri mtambo umeharibika, na watu wakasikia kwa mara ya kwanza sauti ya mwanamke mwenyewe. Ilikuwa nyembamba, ya kawaida sana. Alisema neno lake moja au mawili, hakuna aliyejua ni nini, kisha wakamjia. Hakukuwa na "salamu kutoka kwa marehemu baba", hakukuwa na "ko". Kulikuwa na mbao kugonga mbao, na miguu kwenye changarawe, na mwanamke anahema. Kasuku alikuwa amelitazama pambano lile mara nyingi na hakuwahi kuona kwamba kisigino chake kimoja hakiondoki kizingitini hata anaposukumwa. Hakuwahi kuona kwamba mwishoni, uwanja ukiwa umetulia, anateleza taratibu na kukaa chini ameupa mlango mgongo, na anajishika ubavu, na anaangalia kushoto na kulia kama kuna mtu wa kumwambia. Hapo ndipo Kasuku alipokuwa akiweka mzaha wa mwiko kuvunjika. Banda lilikuwa likicheka pale.

Sasa wengine walikuwa wananung'unika. Wengine wametoka. Mmoja akauliza, "Kasuku, umemeza nini leo?"

Mwenye banda alimkuta nyuma.

"Umeniaibisha."

"Najua, bosi."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi kapumzike mpaka nikuite. Na nisipokuita usininunie."

Akarudi nyumbani jua likiwa bado kali. Mama yake alikuwa amekwenda kwa dada. Mkewe alikuwa amepiga magoti barazani, kitambaa cha bluu kimetandazwa kwenye mkeka, anakata. Kidoti amekaa pembeni yake, anatafuna ncha ya futi kamba kwa bidii, mate yanamchuruzika mpaka tumboni.

"Mbona mapema?"

"Nimesimamishwa."

"Umefanya nini?"

Jibu lilikuwa tayari, na lilikuwa zuri: nimenyamaza kwa ajili yako. Aliliona linavyong'aa. Akaona linahitaji makofi, akaliacha.

"Palipofika pale sikusema," akasema. "Wakasema wao."

Mkasi ulisimama. "Wote?"

"Wote."

"Kwa sauti yangu."

"Kwa sauti yako."

Mke akainamisha kichwa, akaendelea kukata. Mkasi ule mkubwa ulikuwa unatafuna kitambaa kwa sauti nene. Kasuku akachuchumaa upande wa pili wa mkeka.

"Nilifikiri naweza kuyarudisha," akasema. "Hayarudi."

"Hayarudi," mke akakubali. Akakata mpaka kwenye chaki. "Siku ile ulipata usingizi. Mimi nilikuwa nakuangalia. Nikasema moyoni, huyu amechoka, hajanisikia. Nikakusamehe pale pale, kwa kuwa hujasikia."

"Nilisikia."

"Sasa najua."

Alitaka kumuuliza anaumwa wapi. Swali lenyewe lilikuwa karibu, na ndilo lililotakiwa tangu siku ile ya mvua. Lakini lilikuwa limeshakuwa la banda, angelisema na mke angesikia kicheko nyuma yake. Alikuwa ameliharibu hata lile la kumfariji. Akatazama chini, masikio yanawaka moto.

"Shika hapo, kisikunjane," mke akasema.

Akashika. Alishika pembe ya kitambaa, mke akakata kuelekea kwake, sketi moja, nyingine, akimwambia sogeza, vuta, achia. Vipande vilipangwa kimoja juu ya kimoja. Mteja mmoja akapita, akaona mwanamume ameshika kitambaa, akataka kusema kitu, akaiona sura yake, akasalimia tu.

Kidoti akaitupa futi kamba, akalia kidogo, kilio cha kukereka. Mama yake akamvuta mapajani.

"Ameota jino," akasema, bila kumtazama mumewe. "La chini. Leo asubuhi limetokeza."

Kasuku hakujua kama ameambiwa yeye.

"Weka kidole," mke akasema. "Nawa kwanza."

Alinawa akarudi karibu anakimbia. Akaweka kidole kwenye ule ufizi laini, uliolowa, na akakikuta, kitu kidogo kama ncha ya punje ya mchele, chenye makali. Kidoti akakibana kidole akamkazia macho baba yake. Kasuku akahisi uso wake wote unafunguka, na papo hapo, bila kuagizwa, maneno yakaanza kujipanga kichwani, namna atakavyolieleza jino lile, namna kinyozi atakavyocheka. Mkewe alikuwa anamtazama. Aliona.

"Hilo jino," akasema taratibu, "lisitoke humu."

"Halitoki."

Alitamani kusema, kwani unanionaje. Hakusema, kwa sababu alijua anaonwaje, na alionwa sawasawa. Wanaume wengine mtoto akiota jino wanalitangaza mtaa mzima, watu wanawapa pongezi. Yeye ilibidi aombwe alifiche.

Kesho yake alipita kona. Kinyozi akamwita kutoka ndani, wembe mkononi.

"Kasuku, jana ulitufanyia nini? Haya tuyaache. Kidoti hajambo?"

"Hajambo."

"Hamna jipya?"

Kasuku alisimama kidogo pale nje ya banda la kinyozi, wanaume wa benchi wamemgeuzia nyuso, wanangoja.

"Hatuna," akasema, akaendelea na safari yake.